Fundi wa Meno na Vifaru Vilivyokufa

Hospitalini tulimwita Fundi wa Meno, na mjini Kolwezi pia walimwita hivyo hivyo. Kung'oa haikuwa kazi yake. Wa kung'oa alikuwa daktari. Yeye alikaa katika chumba cha nyuma, karibu na dobi, akitengeneza meno ya bandia. Alichukua umbo la fizi kwa plasta, akamimina, akasugua, kisha akatafuta rangi ya kufanana na meno yaliyobaki mdomoni mwa mgonjwa. Mimi nilikuwa kwenye dirisha la mapokezi ambapo wagonjwa waliandikishwa, na kwa sababu hiyo aliniita Mama Dirisha mpaka siku ya mwisho niliyomwona. Jina lake nalijua. Sikumbuki kama niliwahi kulitamka mbele yake, na hapa pia nitaliacha.

Mdomoni mwake mwenyewe palikosekana jino moja la mbele. Hakulitengeneza kamwe. Tukimuuliza alisema hana saa ya kupoteza na mgonjwa mkorofi. Alikuwa mnene kidogo, mwepesi wa kutembea, na aliingia kila mahali kama mtu aliyeitwa. Wagonjwa walimwogopa kuliko walivyomwogopa daktari, kwa sababu daktari aliumiza na kunyamaza, lakini Fundi alisema. Nakumbuka bwana mmoja mkubwa wa ofisi, mwenye abacost, ile suti ya serikali isiyo na tai, iliyopigwa pasi vizuri, aliyekataa meno yake mapya kwa kuwa si meupe ya kutosha.

"Tata," Fundi akamwambia, "unataka meno ao unataka sahani?"

Yule bwana akatoka na hasira, akarudi wiki iliyofuata kuyachukua. Mke wake alikuwa amemwambia, naye akamwamini, kwamba meno meupe mno humfanya mtu aonekane ameazima mdomo. Fundi hakufurahia ushindi ule. Kwake lilikuwa jambo la kawaida kwamba watu wangemsikiliza mwishowe.

Huyo ndiye aliyenifundisha kupaka rangi vifaru vidogo vya plastiki.

Vilimjia kwa njia ya duka. Mjini kulikuwa na duka la Mgriki mmoja ambapo mainjinia wa kigeni walinunulia watoto wao zawadi. Miaka ile ya mwanzo ya Zaïre, maduka ya wageni yalipochukuliwa na kugawiwa wananchi, mwenye duka mpya alifungua kabati za nyuma akakuta maboksi yamepangana mpaka juu. Ndani ya kila boksi mlikuwa na vipande vya plastiki vya kuunganisha kwa gundi na kupaka rangi, na juu ya kifuniko picha ya kifaru cha vita. Hapakuwa na mtu wa kuvinunua. Fundi alikwenda kutafuta sabuni, akapewa boksi moja bure ili kabati lipungue. Kesho yake alirudi akayachukua yote. Alilipa kwa meno ya juu ya mama mzazi wa mwenye duka, na yule bibi alikula nyama nayo mpaka alipofariki.

Tulicheka sana pale hospitali. Mtu mzima, shemasi wa kanisa, na michezo ya watoto! Kisha asubuhi moja alikiweka kimoja kwenye dirisha langu, juu ya karatasi za wagonjwa, akaenda zake. Kilitosha kukaa juu ya kiganja. Nilidhani nitaona kitu kinachong'aa kama gari la kuchezea. Nilichokiona ni chombo kilichosafiri. Vumbi lilikuwa limejibana kwenye pembe. Rangi ilikuwa imelika pale ambapo askari wangekanyaga wakipanda. Chini, kwenye minyororo, matope yalikuwa yamekauka na kupasuka. Nilikishika mpaka foleni ikaanza kunung'unika.

Jumamosi hiyo nilikwenda kwake. Kwenye baraza palikuwa na meza, na kwenye meza alikaa dereva mmoja wa bulldozer wa mgodi wa Mutoshi, mtu mwenye mikono mipana kama koleo, ambaye alikuwa amekuja kupima meno akabaki. Fundi alimwita Chauffeur. Wengine walikuja wakaondoka. Sisi wawili ndio tuliodumu.

Somo la kwanza lilikuwa kuosha. Alitupa beseni la maji ya uvuguvugu, sabuni na mswaki.

"Juu ya nini kuosha kintu mupya, Tata?" nikauliza.

"Iko na mafuta ya ku kiwanda. Hauyaone, lakini rangi inayaona. Rangi haishike ku mafuta, itabambuka."

Baada ya kuosha, tulikwangua mabaki ya plastiki kwa visu vya upasuaji vilivyochakaa, tukasugua mahali vipande viwili vinapokutana mpaka ufa usionekane. Mzinga ulikuja kwa nusu mbili, na alituambia tuupitishe ukucha kwa urefu wake wote. Ukucha ukikwama, tulirudia. Jumamosi tatu nzima zilipita kabla hatujagusa rangi. Chauffeur alivumilia kuliko mimi. Alisema kazini kwake anang'oa mlima kwa siku moja na hakuna anayeusifu, basi hapa atapumzika.

Siku ya rangi niliharibu. Nilitaka nimalize mara moja, nikachovya brashi mpaka shingoni, nikapaka kijani kizito juu ya kila kitu. Fundi alikuja, akainama, akakizungusha kifaru changu polepole.

"Mama Dirisha, umeivalisha koti. Misumari yake iko wapi?"

Kweli, vichwa vyote vidogo vya misumari vilikuwa vimezama. Akakitumbukiza kwenye magadi makali aliyoyaomba kwa dobi, na mimi nikakaa nikisugua rangi yangu mwenyewe kwa mswaki mpaka plastiki ikatoka tena. Alinionyesha upya: rangi iyeyushwe mpaka ifanane na maziwa, brashi ifutwe ukingoni mwa kikopo, couche ya kwanza, yaani mpako wa kwanza, iwe nyembamba hata ionekane kama umekosea. Ikauke. Halafu nyingine.

"Ya kwanza itakuwa mubaya," alisema. "Ya pili pia mubaya. Usiogope. Ya tatu njo utaona."

Kwa meza ile alikuwa na uvumilivu usio na mwisho. Kwa watu hakuwa nao. Alimkatiza mchungaji katikati ya maombi kwa sababu alikuwa ameomba jambo lile lile mara mbili. Aligombana na mkewe kuhusu pilipili kila siku ya Mungu. Lakini nilimwona akisubiri tone moja la rangi likauke, mikono magotini, kwa muda ambao mtu angeweza kupika na kula.

Na kwa nini vifaru? Nyumbani kwake mtoto hakuruhusiwa hata kushika kipande cha mti na kusema pa-pa-pa. Kanisani alikataa kuimba nyimbo zenye mapanga. Mchungaji alipomuuliza, alijibu kwamba Daudi pia alikuwa na kombeo. Chauffeur alijibiwa kwamba chuma cha vita kina pembe nyingi, na pembe ndizo zinazofundisha mkono. Mimi aliniambia, "Kama bangenipa mitumbwi, ningepaka mitumbwi." Sijui lipi lilikuwa la kweli. Nadhani yote matatu aliyaamini wakati anayasema.

Baada ya couche za chini, alitufundisha mambo mawili ambayo hadi leo mikono yangu inayajua bila mimi. La kwanza ni maji machafu: rangi ya kahawia iliyozimuliwa sana, unaiacha itiririke kwenye mifereji na kuzunguka misumari, nayo inakaa pale kivuli kingekaa. La pili ni brashi kavu: unachovya rangi nyepesi kidogo kuliko ile ya chini, unaifuta brashi kwenye kitambaa mpaka udhani haina kitu, kisha unaipitisha juu ya pembe bila kukandamiza. Pembe zinatokea zenyewe, kama mtu anayefungua macho. Mara ya kwanza nilipoliona hilo likitokea chini ya mkono wangu nilipiga kelele, na mkewe akatoka jikoni akidhani nimejikata.

Matope hakuyapaka kwa rangi. Aliyatoa barabarani, udongo wetu mwekundu, akauchekecha kwa soksi yangu ndefu iliyotoboka, akauchanganya na gundi. Lakini kwanza alitaka kujua matope hukaa wapi. Basi siku moja baada ya mvua tulipanda lori sote watatu mpaka Mutoshi, na Fundi wa Meno, na suruali yake ya kanisani, akalala chali chini ya bulldozer ya Chauffeur. Wafanyakazi walisimama wakimtazama. Alitoka mgongo wote mwekundu, uso unacheka.

"Ku magurudumu ya nyuma ni mingi!" akapaza sauti. "Mbele hakuna! Mbele inajisafisha yenyewe!"

Hivyo ndivyo tulivyoishi, na ningeweza kuendelea na habari za namna hiyo mpaka jioni. Lakini vita vilikuja.

Vya kwanza vilitupita kando. Vya pili viliingia mpaka mlangoni. Siku nyingi tulilala sakafuni, na watu wengi walikufa, wa kwetu na wageni. Mbele ya nyumba ya Fundi yalipita magari ya chuma ya kweli, na ukuta wa baraza ukabaki na matundu. Jirani yao, mwanamke ambaye mke wa Fundi alimshonea nguo kila Pasaka, alianguka njiani akienda kuchota maji. Walimwona kwa dirisha. Ilipita siku nzima kabla ya mtu kuweza kumfikia.

Sijasema bado kuhusu mkewe. Tulimwita Mama tu. Alikuwa mshonaji, mrefu kuliko mumewe, mwenye sauti ya chini, na hakuwahi kuingilia meza yetu isipokuwa kuleta chai. Risasi zilipokwisha, alichukua beseni la kufulia, akakusanya vifaru vyote vilivyokuwa juu ya kabati, akaviweka nje ya mlango wa nyuma.

"Sitaki kubiona tena," alimwambia mumewe.

Fundi hakubishana. Mtu aliyegombana juu ya pilipili alinyamaza juu ya jambo hilo. Kiangazi chote hakupaka rangi. Hospitalini tulianza kuwa na wasiwasi, kwa sababu aliacha kuwasema wagonjwa. Mwanamke mmoja aliomba meno meupe kama karatasi, naye akampa.

Kisha siku moja Mama alisimama mbele ya dirisha langu kwenye foleni, kama mgonjwa. Nilimuuliza anaumwa wapi.

"Si mi," akasema. "Ni ule mutu. Anakaa mu nyumba kama kiti. Jana ameniuliza kama anaweza kuongeza chumvi. Ameniuliza, Mama Dirisha! Tangu tunaoana hajaniuliza kintu." Akatazama huku na huku. "Mukuye samedi. Weye na Chauffeur."

Jumamosi tulikwenda. Fundi alikuwa barazani, mikono magotini, na meza mbele yake tupu. Mama akatoka na lile beseni, akalishusha katikati ya meza kwa kishindo. Vifaru vilikuwa na vumbi, na buibui alikuwa amefunga nyuzi kati ya mizinga.

"Sikieni," akasema. "Nimefikiri. Kama ni lazima bikuwe mu nyumba yangu, bikuwe bimekufa."

Hapakuwa na aliyeelewa. Fundi aliinua macho.

"Bimekufa namna gani?"

"Kama ile gari ya kuungua, iko ku njia ya ku aéroport. Ulipita pale? Majani imeanza kutokea ku dirisha yake. Ile naweza kuangalia. Ile haitaua mutu."

Fundi aliliangalia beseni. Baadaye aliniambia kwamba alidhani mkewe anamdhihaki, halafu akamtazama usoni na kuona sivyo. Alinyosha mkono akachukua kifaru chake bora, kile alichokiweka dirishani kwangu siku ile. Alikigeuza mara moja. Akamwomba Chauffeur koleo ndogo ya kubania waya. Akaushika mzinga na kuukunja mpaka ukaelekea chini, na plastiki ikatoa mlio mdogo uliotuingia menoni sote.

"Gurudumu pia," Mama akasema.

Akang'oa gurudumu.

Toka siku hiyo tulijifunza kutu. Mimi nilidhani kutu ni rangi moja, tena mbaya. Fundi alituzungusha mji mzima kuiangalia: kwenye mageti, kwenye mabomba, kwenye mabehewa yaliyoachwa stesheni. Kutu ya zamani ni nyeusi karibu na zambarau. Juu yake inakuja ya kahawia. Ile ya machungwa inayong'aa ni changa, inakaa pale maji yanapopita. Tulipaka kwa vipande vya sponji, tukigonga taratibu, giza kwanza na machungwa mwisho, kidogo sana. Chauffeur alileta kutu ya kweli, aliyoipata kwa kupiga nyundo sahani kuukuu ya chuma, tukaisaga, tukainyunyiza juu ya vanishi kabla haijakauka. Kwa majani tulikata nyuzi za ufagio. Kwa mimea itambaayo tulitumia nywele za mahindi zilizochovywa kijani. Kwenye kifaru kimoja Fundi alifungua kifuniko cha juu na kuweka ndani kiota cha ndege, chenye mayai mawili ambayo ungeweza kuyapoteza chini ya ukucha.

Na kila kimoja kilipokwisha, kilipelekwa kwa Mama. Aliacha cherehani, akakishika kwa vidole viwili, akakileta karibu na jicho. Baadhi alivikubali kwa kichwa. Kimoja changu alikirudisha.

"Hii ingali na hasira," akasema.

Nilikasirika, kwa kuwa nilikuwa nimekihangaikia. Nilikipeleka kwa Fundi ili anitetee. Alikiangalia kwa muda mrefu.

"Mama iko na haki," akasema. "Ona namna inaangalia. Shusha kichwa yake. Ongeza majani mbele."

Nilifanya hivyo, na Mama akakipokea.

Habari za nyumba yenye vifaru zilienea, kama ilivyo katika mji ambao watu wake walikuwa wameogopa muda mrefu. Jumamosi moja luteni mmoja alisimama mbele ya baraza na askari wawili. Alikuwa kijana, kofia imeshushwa mpaka kwenye nyusi. Alianza kwa Kilingala, akahamia Kiswahili alipoona hatumfuati.

"Citoyen, hii ni nini?" akamuuliza Fundi, akimwita mwananchi kama serikali ilivyoagiza.

"Ni ba char ya vita, mon lieutenant. Ya plastiki."

"Naona. Ya jeshi gani?"

"Haina jeshi tena," Fundi akajibu.

Lilikuwa jibu baya. Luteni alipanda ngazi. Alizunguka meza, akitazama kimoja baada ya kingine: mizinga iliyoinama, minyororo iliyokatika, nyasi.

"Yote imeharibika," akasema polepole. "Kila moja. Unakaa hapa na batu, munatengeneza char ya kuharibika. Unataka kusema jeshi yetu iko hivi? Njo unafundisha batu?"

Chauffeur aliweka brashi chini. Watu walikuwa wamepelekwa kwa maneno madogo kuliko hayo, na baadhi hawakurudi. Fundi alifungua mdomo, na mimi nilimjua vya kutosha kuogopa kitakachotoka.

Lakini Mama alikuwa ametoka jikoni, na uzi ungali kwenye midomo yake. Aliutoa.

"Ni mi," akasema.

"Ni weye nini, Mama?"

"Ni mi nilisema bikufe. Yeye alikuwa anabipaka muzima, muzuri sana. Mi njo nilikataa. Mu wakati ya vita rafiki yangu alikufa pale," akaonyesha kwa kidole ukingoni mwa barabara, mahali ambapo wale askari wawili walikuwa wamesimama, nao wakasogea bila kutaka. "Kama kuko kosa, ni ya mi. Unipeleke mi."

Luteni alitazama barabara. Kisha, kama mtu asiyejua afanye nini na mikono yake, aliokota kifaru kilichokuwa karibu. Kilikuwa kibichi. Kidole gumba chake kikazama kwenye rangi.

"Usiguse!" Fundi akafoka, kwa sauti ile ile ya kuwafokea wagonjwa. "Ingali mubichi, huone?"

Nilifumba macho. Nilipofumbua, luteni alikuwa amekirudisha mezani na anajifuta kidole, na Fundi alikuwa amesimama karibu naye sana, amepinda shingo, anamkagua shavu.

"Toka lini?" akauliza.

"Nini?"

"Ile jino. Ya nyuma, chini, upande ya kushoto. Shavu imevimba, na unasema na nusu ya mudomo. Unakula namna gani?"

Luteni aliacha kujifuta kidole. Kijana alishika shavu lake. Alisema kwamba hali chakula. Alisema ni wiki mbili, na kwamba muuguzi wa kambi alimpa vidonge vya kichwa.

"Vidonge ya kichwa!" Fundi akasema, akiwa amesahau kabisa vita, jeshi na makosa. "Kuya. Daktari iko ku kazi leo. Mama Dirisha atakuandika wa kwanza."

Wakaenda hospitali kwa miguu, Fundi mbele, luteni nyuma yake, askari wawili mwishoni, na mimi nikikimbia ili nifike dirishani kabla yao. Jino lilitoka na usaha mwingi. Baada ya siku chache luteni alirudi peke yake, bila kofia, akaomba kifaru kimoja. Mama alimchagulia. Hatukujua alikiweka wapi, lakini hakuna aliyetusumbua tena. Fundi alilalamika wiki nzima kuhusu alama ya kidole. Kuhusu hatari aliyokuwa ameiponea hakusema chochote, ila niligundua kwamba tangu siku hiyo aliacha kugombana juu ya pilipili.

Tuliendelea miaka mingi. Wanafunzi wengine walikuja, walimu, wauguzi, mke wa mchungaji, na wote waliharibu cha kwanza na cha pili. Maboksi yalipokwisha, tuliunda vifaru kwa makopo ya samaki na vifuniko vya dawa. Fundi alistaafu akaendelea kukaa barazani.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini maneno yalibadilika mjini. Watu ambao wazee wao waliletwa kutoka Kasai kufanya kazi migodini waliambiwa warudi kwao, hata wale ambao hawajawahi kuiona Kasai, na Fundi na Mama walikuwa kati yao. Nyumba zilichomwa. Mimi ni wa kaskazini ya Katanga, mwenyeji wa mkoa huu ambaye hakufukuzwa, na kaka yangu alinikataza kwenda stesheni, ambako familia zilikuwa zinangojea treni kwa wiki nyingi juu ya mizigo yao. Nilimwacha anaongea nikatoka na sufuria ya bukari, ugali wetu, na samaki kichwani.

Niliwatafuta kati ya turubai na magodoro mpaka nikasikia mtu anamsema mwenzake. Fundi alikuwa amepiga magoti mbele ya sanduku la familia nyingine, kopo la rangi nyeupe kando yake, anaandika jina na mahali pa kushukia. Watu walikuwa wamepanga foleni na masanduku yao, kwa sababu mizigo ilikuwa inapotea njiani, na yeye alikuwa akimwambia mwenye sanduku asimsukume. Alikuwa amekonda. Nywele zote zilikuwa nyeupe. Nyumba alikuwa amemwachia Chauffeur, pamoja na kila kitu kilichokuwa juu ya kabati.

"Mama Dirisha," akasema bila kushangaa. "Unachelewa. Twaa brashi, andika ya kwetu. Mi sina saa, ona hii batu yote."

Nilimwambia waje kwangu. Nilikuwa na chumba. Nilisema kaka yangu nitamweza. Aliacha kuandika akanitazama.

"Batakuchomea nyumba," akasema. "Apana."

Mama alikuwa amekaa juu ya sanduku lao, cherehani yake imefungwa kwenye shuka pembeni. Alisimama, akanikumbatia, akapokea sufuria, akaanza kugawa kwa watoto wa jirani kabla ya kula yeye. Nilipiga magoti. Jina lao lilikuwa limeshaandikwa kwenye sanduku, kwa mkono wa Fundi. Palibaki mahali pa kwenda. Nilichovya brashi nikaifuta ukingoni.

"Niandike nini, Tata?"

"Mwene-Ditu," akasema Fundi kutoka kule alikokuwa. "Njo treni inafika pale, ku Kasai. Tuko na binamu ya baba pale, kama angali."

"Apana," Mama akasema.

"Apana nini? Sanduku inapashwa kuwa na mahali."

"Andika Kolwezi."

Fundi akageuka, brashi mkononi. Watu wa kwenye foleni wakageuka pia.

"Kolwezi ni hapa," akamwambia. "Tunatoka hapa. Batu banaandika fasi banaenda."

"Fasi tunaenda mi siijue," Mama akasema. Sauti yake haikupanda. "Kama inapotea mu njia, mutu akiiokota, airudishe kwetu."

Fundi alimtazama mkewe kwa muda. Nilidhani atabishana, na nilitamani abishane. Aliinamia tena sanduku la jirani.

"Andika," akaniambia. "Kubwa. Ku mbele na ku kifuniko."

Niliandika herufi moja moja, nyembamba, nikangojea zikauke, nikapita tena juu yake. Nilikuwa kwenye Z nilipomsikia mzee mmoja katika foleni akimwambia Fundi kwamba kwenye sanduku lake pia afute mahali palipoandikwa kwanza, aandike Kolwezi. Na mwanamke aliyekuwa nyuma yake akasema na lake.